Magugu ya Mama Melania

Mama mkwe wangu, Mama Melania, hajawahi kupita mbele ya gugu akaliacha salama. Nimemwona kwa macho yangu akiinama katikati ya mazishi, padri bado anasoma, kung'oa majani yaliyoota pembeni ya kaburi la watu wengine kabisa. Nimempeleka kliniki kupima presha, nikageuka kuchukua kadi, nikageuka tena, mama hayupo kwenye benchi. Alikuwa nje, chini ya dirisha la daktari, amejifunga khanga kiunoni, anapalilia uwanja wa serikali. Muuguzi akamwambia, "Bibi, hapo kuna mtu tunamlipa." Akajibu, "Basi mnamlipa bure," na akaendelea.

Amezaliwa kijijini Simbo, akaolewa Simbo, akazeeka Simbo. Wapo wanaosifiwa kwa sauti ya kwaya, wapo wanaosifiwa kwa mapishi. Yeye alisifiwa kwa udongo mtupu ulioko kati ya mistari yake ya maharage. Watu walikuwa wanapita kando ya shamba lake wakitafuta angalau jani moja la kumsema, wanatoka mikono mitupu. Akipalilia haangalii chini. Anashika mche kwa vidole viwili, anaukwanyua, anaupitisha puani, keshaujua, anautupa. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni Mwanga, na ninajua jinsi mkono uliozoea kazi unavyotangulia macho. Lakini mkono wa mama mkwe wangu umezidi, unatangulia hata maswali.

Mwanawe, Leodgar, ndiye aliyekuwa mume wangu. Alikuwa fundi wa injini za boti pale ufukweni Kibirizi. Mchana kutwa grisi, jioni maua. Mbegu za kwanza alipewa na mtunza bustani wa nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, na tangu hapo hakuomba tena kwa mtu. Mvua zikikaribia kwisha alichuma vichwa vilivyokauka, akavianika juu ya gazeti, akavipukuchua, akatia mbegu kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwezi wa kumi ukifika anakata madumu ya oili kwa urefu, anayatoboa chini, anajaza udongo na samadi, anasia.

Alikuwa na aina mbili tu. Kulikuwa na marigodi, yale ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, na kosmosi, yale marefu membamba ya pinki na meupe, yanayoyumba upepo wa ziwa ukivuma. Ni maua ya msimu mmoja. Yanaota, yanachanua, yanakufa, na usipochuma mbegu basi umeyakosa. Na miche yake ina madeko. Ukiiweka juani mapema inaungua, ukiificha kivulini inarefuka na kulala chini. Inabidi uizoeshe jua kidogo kidogo, leo asubuhi tu, kesho uongeze. Leodgar alikuwa akihamisha madumu yale kutoka kivulini kwenda juani na kuyarudisha kabla hata hajanywa chai, na mimi nilimsaidia, nikinung'unika, lakini nilimsaidia.

Yakichanua, nyumba yetu haikuhitaji namba. Waendesha bodaboda wa Ujiji nzima walimwita Leodgar Leo, na nyumba waliijua kwa jina la "kwa Leo Maua." Mteja wangu akitaka kufuata gauni lake nyumbani siku ya Jumapili, namwambia tu amtajie boda jina hilo, na kabla sijamaliza kusuka nywele keshafika mlangoni.

Leodgar alifariki mwaka jana mwezi wa sita, kwa figo. Kopo aliliacha limejaa, liko juu ya kabati, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Baada ya hapo nilitaka kitu kimoja tu, nacho ni kwamba yachanue. Nilijua watu walivyo. Msimu mmoja tu bila maua, na boda wangetafuta alama nyingine, wangesema "pale kwenye nguzo ya umeme," na jina la mume wangu lingebaki kwenye msalaba peke yake.

Mama Melania alikuja kwenye msiba na hakuondoka. Shemeji yangu Dismasi alimfuata mara mbili kumrudisha Simbo, na mara zote mbili aliambiwa asubiri kidogo. Sikuwa na neno. Alikuwa analala chumba ambacho Leodgar aliugulia, na kila nikiamka namkuta keshafagia uwanja mpaka unang'aa.

Mwezi wa kumi nikashusha kopo. Nilisia mbegu zote, kwa sababu Leodgar alikuwa akisema zikikaa sana zinalala usingizi na kuamka hazitaki tena. Kazi yake niliiona rahisi alipokuwa anaifanya yeye. Kuku wa jirani yetu Hamdani waliparua dumu la kwanza, nikaenda kumlalamikia, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kuku ni kuku. Mama wa nyumba ya nyuma akanipa taarifa kwamba maua yanaleta nyoka. Dismasi akasimama juu ya madumu, mikono mfukoni, akaniuliza, "Shemeji, hivi hayo yanaliwa?" Nikamwambia hayaliwi. Akatikisa kichwa kwa huruma, nikatamani kumpiga na ndoo.

Lakini miche ilitoka. Nikaizoesha jua, nikaihamishia kwenye tuta mbele ya nyumba mvua ilipokaza, mstari kwa mstari, na ikashika. Pamoja nayo ukajiotea mchicha, maana mbegu zake zilikuja na samadi. Ulikuwa mchicha mwekundu, wenye afya kuliko kitu nilichopanda. Nikasema nitaung'oa nikipata nafasi.

Nafasi sikuipata, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaolewa Kasulu. Asubuhi ya kuondoka nilimpeleka mama mkwe wangu mpaka kwenye tuta.

"Mama, nakuachia maua haya. Mvua isiponyesha uyamwagilie. Kuku wa Hamdani wasikanyage hapa."

"Ego," akasema, yaani ndiyo. Mama akikubali jambo kwa moyo hulikubali kwa Kiha. "Nitakutunzia maua yako, mwanangu. Nenda ukacheze."

Nikaenda nikacheza. Nilirudi siku ya Jumatatu mchana, na begi bado liko mkononi nikaona tuta limepaliliwa. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umevunjwavunjwa kwa vidole. Juu yake ulisimama mchicha mwekundu, mmoja mmoja, kila shina limefungiwa udongo vizuri miguuni. Kingine chochote hakikuwepo.

Mama Melania alikuwa amekaa kwenye kigoda kizingitini, akisubiri nione.

"Mama, maua yako wapi?"

"Si hayo?"

"Huo ni mchicha."

"Mchicha ninaujua ni mchicha," akasema. "Lakini wewe ulisema hapa kuna maua. Nikatazama. Nikaona bangi mwitu, nikaona mashona nguo, nikaona na huo mwekundu. Nikajiuliza, mkwe wangu atakuwa ameita nini maua? Si huu? Watu wa mjini mnafuga hata paka ndani. Nikasema mtoto wa watu msiba umemzidi nguvu, magugu yanamkaba, ngoja nimsaidie."

Kwa asiyelima nieleze. Bangi mwitu siyo ile ya kumpeleka mtu polisi. Ni gugu refu lenye harufu kali, limejaa mashamba yote ya huku, na ni ndugu wa marigodi. Majani ni yale yale, harufu ni ile ile. Mashona nguo nayo ni lile gugu la visindano vinavyoganda kwenye sketi ukipita shambani, na mche wake ukiuweka karibu na mche wa kosmosi, hata Leodgar alikuwa akikuna kichwa. Mama Melania alikuwa amepitisha kila mche wangu puani. Pua yake haikumdanganya. Maisha yake yote harufu ile ilikuwa na maana moja.

"Umeyatupa wapi?"

Alikuwa ameyatupa nyuma, karibu na kichanja cha vyombo, na jua la mchana lilikuwa limeshayamaliza. Nilirudisha tutani yale ambayo bado yalikuwa na unyevu, nikayafunika kwa majani ya mgomba, nikayamwagilia. Hakuna hata moja lililoinua kichwa.

Nilikasirika, na sikujizuia. Nilimwambia, "Mama, zile zilikuwa mbegu za Leodgar. Alizianika kwa mkono wake akiwa hawezi hata kusimama. Zilikuwa za mwisho. Kopo ni tupu."

Alitazama mikono yake, akaipangusa kwenye khanga, ingawa ilikuwa safi. Akasema, "Akiwa mdogo aliwahi kupanda maua Simbo, pale nyuma ya jiko. Sijui alizitoa wapi mbegu. Hata hayo niliyang'oa. Nilitaka kupanda maharage."

Akaingia ndani. Mchicha niliung'oa wote siku ile ile, nikampa Hamdani. Aliusifu wiki nzima.

Hapo ningekuwa nimemaliza kusimulia kama mama mkwe wangu angekuwa mtu wa kawaida. Kesho yake asubuhi niliamka, uwanja haujafagiwa. Nikadhani anaumwa. Nikamkuta amesimama kwenye kona ya nyumba, anatazama kijani kidogo kilichochomoza ukutani, mikono ameikunja nyuma. Aliinama, akanusa bila kugusa, akainuka, akakiacha. Sijawahi kumwona akiacha jani tangu niolewe.

Akaacha kupalilia kabisa. Mwezi wa kumi na mbili, mvua ikimwagika, mama amekaa kizingitini anatazama magugu yakiota, na mimi nikichukua fagio au jembe anasimama.

"Una hakika hilo si la Leodgar?"

"Mama, hii ni bangi mwitu."

"Nami nilikuwa na hakika."

Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Miche yote ilikuwa inafanana, na ile aliyoitupa huenda mingine ilishika mahali. Nikarudisha jembe nyuma ya mlango, nikaenda kazini nimenuna, nikanuna mpaka jioni.

Kufikia Pasaka tulikuwa tunaishi porini. Bangi mwitu ilinipita kimo. Njia ya kwenda chooni ilibidi uipite kiubavu. Mashona nguo yalijaa kando ya kamba ya kuanikia, nami kazi za wateja nyingine namalizia nyumbani, kwa hiyo kila nguo iliyotoka kwangu ilitoka na visindano. Mteja mmoja, mwalimu, alirudisha suti mpya kibandani mbele za watu akidai nimemwachia pini kwenye makalio. Mwingine alikalia tako moja kanisani misa nzima. Bwana afya wa mtaa akapita, akatazama, akauliza kama nyumba hii ina mtu. Hamdani, ambaye kuku wake sasa walikuwa wanataga humo na kupotelea humo, alinisimamisha barabarani. "Jirani," akasema, "boda wameshapata jina jipya. Wanasema kule kwenye pori."

Nililia siku hiyo. Nililia kwa hasira, nikiwa nimekaa kwenye mashine, mguu unakanyaga, sindano inashona kitambaa kisichokuwepo. Ningeweza kumpigia simu Dismasi aje amchukue mama yake. Simu niliishika. Kisha nikamwona dirishani, bibi wa watu, anapita katikati ya magugu yale na ndoo, anayamwagilia. Anamwagilia bangi mwitu. Nikaiweka simu chini, maana ningemweleza nini shemeji?

Mwezi wa nne nilikuwa naosha vyombo, nikainua macho. Nyuma ya kichanja, katikati ya mashina ya bangi mwitu, kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa. Nilisogea nikiwa na sahani mkononi. Lilikuwa ua la marigodi, moja tu, juu ya shina jembamba lililopinda kutafuta mwanga. Mche mmoja katika ile iliyotupwa ulishika mizizi pale pale ulipoangukia, ukanyweshwa maji ya vyombo, na haukumwambia mtu.

Mkoba wangu wa kazi haukosi uzi. Nikaufunga uzi mwekundu kwenye shina, nisije nikalipoteza. Mama sikumwambia. Nilitaka mbegu ziwe kwanza mkononi mwangu, maana mkono wake nilikuwa siuamini tena, uwe unang'oa au umetulia. Kila asubuhi nachungulia kabla ya kwenda Mwanga. Ua likanyauka. Kichwa kikaanza kukauka. Nikasema Jumamosi nitachuma.

Ijumaa jioni nilirudi nikakuta uwanja mweupe. Magugu yote yamekatwa, yamefungwa mizigo, yameegemezwa ukutani. Mama Melania amekaa kwenye mkeka, ungo uko magotini, nywele zimejaa vumbi. Uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi. Akaniita nikae.

"Yamekauka," akasema. "Nimechuma yote, nikayapukuchua kama alivyokuwa akifanya. Nimepepeta. Hata makapi hayamo." Akainua kopo la maziwa ya unga kwa mikono miwili, akanikabidhi. Kifuniko amekifunga kwa mpira ule ule. "Ulisema ni tupu."

Nilifungua. Limejaa mpaka juu mbegu nyeusi, nyembamba, safi. Ni mbegu za bangi mwitu, kopo zima, katika mkoa ambao hakuna mtu tangu dunia iumbwe aliyewahi kuzikosa. Na juu yake, umekunjwa vizuri, ulikuwa uzi wangu mwekundu. Alikuwa ameufungua kwenye shina akautunza, kwa sababu Mama Melania hatupi kitu kizima.

"Mama," nikasema, "lile lenye uzi uliliweka wapi?"

"Humo humo. Harufu yake si ni moja?"

Nilijaribu kuzitenganisha. Nilikaa na ule ungo Jumamosi nzima, nikichambua mbegu moja moja kwa sindano, ndefu za marigodi huku, fupi za bangi mwitu kule, mpaka macho yakaanza kutoa machozi na zote zikawa ndefu. Kisha upepo wa ziwa ukaja ukachanganya upya. Nikazikusanya nikazirudisha kopo. Maneno niliyoyasema hapo sitayaandika, na nashukuru mama masikio yake hayasikii vizuri.

Mwezi huu wa kumi nimekata madumu. Nimeyatoboa, nimejaza udongo na samadi, nimesia kopo lote. Sikuwa na njia nyingine. Ndani yake zimo mbegu za ua moja la Leodgar, na siwezi kuzijua mpaka zichanue. Kwa hiyo mimi, Frida, fundi wa nguo za maharusi, nakaa kitako kila asubuhi kuizoesha bangi mwitu jua. Naihamisha kivulini isiungue. Naifukuzia kuku. Hamdani alisimama kwenye uzio akanitazama kwa muda mrefu, akaita kuku wake, akaenda zake.

Jana nilimaliza kuipandikiza tutani. Mama Melania alichuchumaa mwisho wa mstari, magoti yamefika mabegani, mikono ameibana katikati ya mapaja ili isifanye kitu. Mchicha mwekundu umejiotea tena. Aliutazama, akanitazama.

"Huo ng'oa," nikamwambia.

Akaung'oa kwa vidole viwili, polepole mno, akishikilia udongo kwa mkono mwingine miche iliyo karibu isitikisike. Kisha akaenda kwenye mwingine. Alikuwa bado anafanya hivyo pikipiki iliposimama barabarani, na kijana wa boda, mgeni kwenye kijiwe chetu, akamshusha mteja wangu mmoja kutoka Mwanga. Mteja akatazama tuta, akatazama ukuta.

"Shikamoo bibi. Hapa ndipo kwa Leo Maua? Mbona maua siyaoni?"

Mama hakuinua kichwa.

"Marahaba. Ndipo hapa," akasema. "Yamo humu. Hatujui ni yapi, kwa hiyo usikanyage."